Jigoro Kano

Jigoro Kano (kwa Kijapani: 嘉納 治五郎, Mikage, 10 Desemba 1860 – baharini, 4 Mei 1938) alikuwa mwalimu kutoka Japani anayejulikana duniani kote kama mwanzilishi wa mchezo wa judo. Mwaka 1882 alianzisha shule ya Kodokan mjini Tokyo, ambayo hadi leo ndiyo makao makuu ya mchezo huo. Mwaka 1909 alikuwa mtu wa kwanza kutoka bara la Asia kuingia katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Kodokan ilianza na wanafunzi wachache, na tangu miaka yake ya mwanzo ilikabiliwa na swali ambalo kila shule ya sanaa za mapigano hukutana nalo: afanyiwe nini mgeni anayefika mlangoni akitaka kupimana nguvu na wenyeji? Akikataliwa, hutangaza kwamba wenyeji ni waoga. Akikubaliwa bila utaratibu, mtu anaweza kuvunjika shingo. Namna Kano alivyolijibu swali hilo ni sehemu ya sababu zilizofanya judo iwe somo la shuleni na mchezo wa Olimpiki.

Utoto na elimu

Kano alizaliwa Mikage, mji ambao sasa ni sehemu ya jiji la Kobe. Ukoo wake ulikuwa maarufu kwa kutengeneza sake, yaani pombe ya mchele. Baba yake, Jirosaku, hakushika biashara hiyo, bali alijihusisha na usafirishaji wa baharini na baadaye akafanya kazi serikalini. Mama yake, Sadako, alifariki Jigoro akiwa na umri wa miaka 9 hivi, na baada ya hapo baba alimhamishia Tokyo ili asome.

Mtoto huyo alikuwa na akili nyingi darasani lakini mwili wake ulikuwa mdogo. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikufika sentimita 160. Katika shule ya bweni aliyoingia mwaka 1874 wavulana wakubwa walimwonea mara kwa mara. Alisikia kwamba kuna sanaa ya jujutsu, ambayo kwayo mtu mdogo anaweza kumshinda mkubwa, akatamani kujifunza. Watu wa kwanza aliowaomba wamfundishe walimkatalia na kumwambia kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati.

Jibu hilo lilitokana na hali ya nchi. Baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868 tabaka la samurai lilipoteza nafasi yake, na mwaka 1876 watu wa tabaka hilo walikatazwa kutembea na panga. Walimu wa jujutsu, ambao zamani walilipwa na watawala wa majimbo, walibaki bila ajira. Wengi waliishi kwa kuunga mifupa iliyovunjika. Ni kwa kuwauliza waganga wa mifupa ndipo Kano, akiwa tayari ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, alipompata mwalimu wake wa kwanza mwaka 1877. Huyo alikuwa Fukuda Hachinosuke wa shule ya Tenjin Shin'yo.

Katika ukumbi wa Fukuda alikuwepo mwanafunzi wa siku nyingi, mtu mzito, ambaye Kano hakuweza kumshinda. Kano alijaribu mbinu za sumo zikashindikana. Kisha akaenda maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya Ulaya, na humo akapata njia ya kumbeba mtu mabegani na kumtupa. Kwa mbinu hiyo alifanikiwa. Mbinu hiyo ndiyo asili ya ile inayoitwa kata-guruma katika judo. Tukio hilo lilimfundisha mambo mawili: kwamba mpinzani mgumu ni mwalimu, na kwamba mbinu nzuri inafaa kuchukuliwa kokote inakotoka.

Mwezi Agosti 1879 Kano alikuwa miongoni mwa walioonyesha jujutsu mbele ya Ulysses S. Grant, rais mstaafu wa Marekani, aliyekuwa ziarani Japani. Fukuda alifariki mwaka huohuo. Kano aliendelea kwa Iso Masatomo, na baada ya Iso kufariki mwaka 1881 akaenda kwa Iikubo Tsunetoshi wa shule ya Kito, iliyokuwa hodari kwa mbinu za kutupa. Mwaka 1881 alihitimu chuo kikuu, na mwaka 1882 akaanza kufundisha katika shule ya Gakushuin, iliyosomesha watoto wa makabaila.

Kuanzishwa kwa Kodokan

Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, Kano alianza kufundisha katika hekalu la Kibuddha la Eisho-ji mjini Tokyo. Nafasi ya mazoezi ilikuwa ya mikeka 12 tu, na mwaka huo wa kwanza walijiandikisha wanafunzi 9. Shule aliiita Kodokan, maana yake mahali pa kujifunza njia. Sanaa yenyewe hakuiita tena jujutsu bali judo, kwa sababu alitaka iwe njia ya kumjenga mtu na siyo ufundi wa kupigana pekee.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika mazoezi. Kano aligawa mbinu katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la mbinu ambazo watu wawili wanaweza kujaribiana kwa nguvu zote bila kuumizana vibaya: kutupa, kukandamiza chini, kukaba na kukunja viungo. Zoezi hilo la kushindana kwa uhuru linaitwa randori. Fungu la pili lilikuwa la mapigo ya ngumi na mateke pamoja na mbinu nyingine za hatari. Hizo zilifundishwa kwa mpangilio maalumu unaoitwa kata, ambapo kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini. Kabla ya yote mwanafunzi alijifunza kuanguka bila kuumia. Aliyezidiwa aligonga mkeka au mwili wa mwenzake kwa kiganja, na mwenzake alipaswa kumwachia mara moja.

Kila aliyejiunga aliandika jina lake katika daftari la shule na kula kiapo cha vifungu vitano. Aliahidi kutoacha mafunzo bila sababu, kutoitia shule aibu, kutotoa siri za mafunzo bila ruhusa, kutofundisha bila ruhusa, na kufuata kanuni za shule. Kwa kiapo hicho, kupambana na watu wa nje halikuwa jambo la kijana kujiamulia barabarani.

Kano alijua pia kwamba vijana wakinyimwa mashindano watayatafuta wenyewe. Ndiyo maana mwaka 1884 alianzisha mashindano ya kila mwezi ndani ya shule pamoja na mashindano ya timu mbili, nyekundu na nyeupe. Alianzisha pia madaraja yanayoitwa dan, na mwaka 1883 aliwapa daraja la kwanza Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro. Hivyo kila mwanafunzi alijua mahali pake bila kulazimika kumpiga mtu ili ajulikane.

Wageni wenye kutaka kupambana

Japani ilikuwa na desturi ya zamani ya mpiganaji kwenda katika ukumbi wa watu wengine na kudai pambano. Aliyewashinda wenyeji wote alihesabiwa kuwa ameuvunja ukumbi. Katika miaka ya 1880 desturi hiyo ilikuwa na uzito wa mkate wa kila siku: wanafunzi wa jujutsu walikuwa wachache, na mwalimu aliyeshindwa hadharani aliweza kuwapoteza. Kodokan iliongozwa na kijana msomi aliyedai kwamba ameboresha kazi ya wazee. Kwa hiyo haikushangaza kwamba watu wa shule nyingine walitaka kuipima.

Kano hakufunga mlango. Ndani ya Kodokan kulikuwa na wanafunzi wanne walioitwa wafalme wanne wa mbinguni: Tomita Tsunejiro, Saigo Shiro, Yokoyama Sakujiro na Yamashita Yoshitsugu. Hao ndio waliobeba jina la shule ilipobidi kukutana na wapinzani wa nje. Saigo alikuwa mdogo wa mwili kama mwalimu wake, lakini alijulikana kwa mbinu ya yama-arashi, maana yake dhoruba ya mlimani.

Pambano lililokumbukwa zaidi lilifanyika chini ya Polisi ya Tokyo. Wasimulizi huliweka kati ya mwaka 1885 na 1888, na wengi hutaja 1886. Polisi walitaka walimu wa kufundisha askari wao, na shule iliyokuwa na sifa kubwa kuliko zote ilikuwa Yoshin ya Totsuka, yenye nguvu katika mkoa wa Chiba. Pande zote mbili zilitoa watu wapatao 15. Watu wa Kodokan walishinda karibu mapambano yote, na machache yalikwisha kwa sare.

Ushindi huo uliifungulia Kodokan milango ya polisi na baadaye ya shule na jeshi la majini. Jambo la kuzingatia ni kwamba pambano hilo lilikuwa na waandaaji, waamuzi na sababu inayoeleweka. Halikuwa ugomvi wa mlangoni. Shule ilihama mara kadhaa kwa sababu ya kukua: mwaka 1886 ilikuwa na mikeka 40, mwaka 1906 mikeka 207, na jengo la mwaka 1934 lilikuwa na mikeka zaidi ya 500.

Hata hivyo, nidhamu ilikuwa na gharama. Kano alipokuwa safarini Ulaya, mwaka 1890, Saigo Shiro aliondoka Kodokan. Mpiganaji aliyekuwa tegemeo la shule katika mapambano yake ya kwanza hakurudi tena kuwa mwalimu humo. Alihamia Nagasaki na kufanya kazi ya gazeti. Alipofariki mwaka 1922 Kano alimpa daraja la sita kwa heshima.

Tukio la melini

Kano aliondoka Japani mwaka 1889 kwenda kuchunguza elimu ya Ulaya, na alirudi mwanzoni mwa mwaka 1891. Katika safari ya kurudi abiria wa meli walizungumza juu ya judo, na ofisa mmoja Mrusi, mtu mkubwa na mwenye nguvu, akataka kumjaribu. Kano alikubali. Ofisa huyo alimkamata kwa nguvu, lakini Kano akageuka na kumtupa. Wakati mgeni huyo akielekea kuangukia kichwa kwenye sakafu ngumu ya meli, Kano alimshika na kumwongoza ili atue salama.

Walioshuhudia walisifu zaidi kitendo cha pili kuliko cha kwanza. Tukio hilo lilisimuliwa mara nyingi kwa sababu linaeleza mafundisho ya Kano kwa ufupi: anayekubali kupimana na mtu asiyejua kuanguka anachukua dhamana ya mwili wa mtu huyo.

Wapinzani kuwa washirika

Kodokan haikushinda daima. Tanabe Mataemon wa shule ya Fusen, bingwa wa mapambano ya chini, aliwashinda baadhi ya watu wa Kodokan katika miaka ya 1890. Judo ya wakati huo ilikuwa imeegemea zaidi kutupa. Baada ya hapo mbinu za chini zilipewa nafasi kubwa zaidi katika mafunzo.

Mwaka 1906 chama kikuu cha sanaa za mapigano kilikutanisha mjini Kyoto walimu wakuu wa shule mbalimbali za jujutsu ili wakubaliane juu ya kata za kufundishwa nchini kote. Kano alikuwa mwenyekiti. Waliokaa naye ni pamoja na mwakilishi wa Yoshin ya Totsuka, na Tanabe mwenyewe. Watu ambao shule zao zilipambana na Kodokan walitia mkono katika mafunzo ambayo mwanafunzi wa judo anajifunza hadi leo.

Wageni wengine walipokelewa kama walimu tangu siku ya kwanza. Mwaka 1922 Gichin Funakoshi alitoka Okinawa kwenda Tokyo kuonyesha karate, sanaa iliyokuwa bado haijulikani sana huko. Kano alimwalika Kodokan aionyeshe mbele ya wanafunzi wake, akamwuliza maswali kama mwanafunzi. Hakumtafutia mtu wa kumpima. Funakoshi naye alichukua kutoka judo mavazi meupe ya mazoezi, utaratibu wa madaraja na mkanda mweusi. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika mkutano huo mgeni na mwenyeji wote walifaidika.

Mwaka 1928 Kano alianzisha ndani ya Kodokan kikundi cha kuchunguza sanaa za kale za mapigano. Mwaka 1930 alikwenda kumtazama Morihei Ueshiba, ambaye sanaa yake iliitwa baadaye aikido. Alivutiwa kiasi cha kupeleka wanafunzi wake wajifunze huko, mmoja wao akiwa Minoru Mochizuki.

Suala la mapambano ya fedha

Mtihani wa aina nyingine ulikuja mwaka 1921. Mwanamieleka Ad Santel aliyetokea Marekani alifika Japani pamoja na wenzake, akitaka kupambana na watu wa Kodokan mbele ya watazamaji wanaolipa kiingilio. Kodokan ilikataa kushiriki, kwa kuwa iliona ni maonyesho ya biashara. Baadhi ya wenye mikanda myeusi hawakukubali. Waliona kwamba kukataa ni kuiaibisha nchi, wakapambana naye mwezi Machi katika uwanja wa hekalu la Yasukuni mjini Tokyo. Maelfu ya watu walihudhuria. Kodokan iliwaadhibu wanachama hao.

Uamuzi huo ulizua ubishi, na ubishi wenyewe haukuwa mwepesi. Upande mmoja ulisema kwamba sanaa isiyojaribiwa na wageni hulala usingizi. Upande wa pili ulisema kwamba sanaa inayouzwa langoni hupoteza kazi yake ya malezi. Kano alikuwa mwalimu wa walimu, akauchagua upande wa pili.

Njia nyingine ilifuatwa na Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan aliyekwenda Marekani mwaka 1904 na baadaye akapigana mapambano mengi ya malipo katika mabara ya Amerika na Ulaya. Mwaka 1914 alifika Brazil, ambako alimfundisha Carlos Gracie. Kutokana na ukoo wa Gracie ilitokea jiu-jitsu ya Brazil, ambayo kwa miaka mingi ilijitangaza kwa kuwaita watu wa sanaa nyingine waje kupambana. Hivyo matawi mawili ya mti mmoja yalimjibu mgeni wa mlangoni kwa namna tofauti.

Kazi ya elimu na michezo

Mkate wa Kano ulitoka katika ualimu wa shule. Mwaka 1891 alioa Sumako, binti wa mwanadiplomasia Takezoe Shin'ichiro, na mwaka huohuo akawa mkuu wa shule ya juu ya Kumamoto. Mmoja wa walimu wake hapo alikuwa mwandishi Lafcadio Hearn, ambaye aliandika juu ya jujutsu na kuifanya ijulikane kwa wasomaji wa Ulaya na Marekani. Kuanzia mwaka 1893 hadi 1920, kwa vipindi, Kano aliongoza Chuo cha Juu cha Ualimu cha Tokyo. Alianzisha pia shule kwa ajili ya wanafunzi kutoka China, ambako alisoma mwandishi Lu Xun. Kuanzia mwaka 1893 alifundisha judo kwa wanawake, na mwaka 1926 Kodokan ilifungua idara yao rasmi.

Mwaka 1911 aliongoza kuundwa kwa chama cha michezo cha Japani, na mwaka 1912 nchi hiyo ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Stockholm, ikiwa na wanariadha wawili. Mwaka 1920 alitembelea London katika ukumbi wa Budokwai, uliofunguliwa na Gunji Koizumi mwaka 1918. Koizumi alikuwa mtu wa jujutsu. Baada ya ziara hiyo alijiunga na judo, na ukumbi wake ukawa chimbuko la mchezo huo Ulaya.

Mwaka 1922 Kano aliyatangaza rasmi mafundisho yake kwa misemo miwili. Wa kwanza, seiryoku zen'yo, unahusu kutumia nguvu kwa namna iliyo bora. Wa pili, jita kyoei, unahusu mtu kustawi pamoja na mwenzake. Mwaka huohuo aliteuliwa kuingia katika baraza la juu la bunge la Japani.

Kifo na urithi

Kano alifanya kampeni ili Olimpiki ya mwaka 1940 ifanyike Tokyo, na mwaka 1936 kamati iliichagua Tokyo. Vita kati ya Japani na China vilivyoanza mwaka 1937 vilitia shaka mpango huo. Mwezi Machi 1938, akiwa na umri wa miaka 77, alihudhuria mkutano wa kamati mjini Cairo, Misri, kuutetea. Akirudi nyumbani kupitia Amerika alipanda meli ya Hikawa Maru, akaugua nimonia na kufariki baharini tarehe 4 Mei 1938, siku chache kabla ya kufika. Alizikwa Matsudo katika mkoa wa Chiba. Mwezi Julai mwaka huohuo Japani iliachia nafasi ya kuandaa michezo hiyo.

Mwaka 1942 Tsuneo Tomita, mtoto wa Tomita Tsunejiro, alitoa riwaya ya Sugata Sanshiro, inayofanana na maisha ya Saigo. Mwaka 1943 Akira Kurosawa aliigeuza kuwa filamu yake ya kwanza. Judo iliingia katika Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo, ambako Mholanzi Anton Geesink alimshinda Mjapani Akio Kaminaga katika mashindano ya uzito huria. Watu wa Uholanzi walipotaka kukimbilia mkekani kushangilia, Geesink aliwazuia kwa mkono na kumwinamia mpinzani wake.

Katika Afrika Mashariki judo si mchezo wa watu wengi kama karate, ingawa huko Zanzibar imefundishwa na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka tangu miaka ya 1990. Lakini hata wanaofanya karate Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Nairobi hutumia madaraja na mikanda iliyotokana na utaratibu wa Kano. Kijana akifika katika ukumbi wowote kati ya hizo na kutaka kupimana na wenyeji, huambiwa kwanza avae mavazi ya mazoezi, ainame, na afuate kanuni za mwenyeji. Ni utaratibu unaolingana na ule uliojengwa kwenye mikeka 12 ya Eisho-ji.